Mashua ya Sahare na mashine ya HP 15: shajara ya kutafuta mguu wa kipimo sahihi

Chombo ni mashua ya mbao, urefu mita 7.3, upana mita 1.95, nyuma imekatwa bapa. Usukani wa zamani umeshavuliwa, kwa hiyo mashine, ya kuning'iniza nyuma, inakaa katikati; mguu wake ndio sehemu inayoshuka majini hadi kwenye propela. Mashine ni ya HP 15, silinda mbili, ya kuchanganya oili na petroli, iliyonunuliwa ikiwa imetumika. Kazi yake ni kutoka Sahare kwenda kuvua nje ya ghuba ya Tanga na kurudi siku hiyohiyo, watu wanne pamoja na nyavu na barafu. Bei zote ni kwa shilingi, na fedha iliyopotea imeandikwa pamoja na iliyofaa, maana anayetaka kuiga kazi hii anahitaji kujua zote mbili.

14 Januari 2025. Kupima chombo na mashine

Siku ya bamvua, maji yanapojaa na kukauka kuliko siku nyingine, ni nzuri kwa kupima. Maji yalikauka kama saa nne na nusu asubuhi, mashua ikalala mchangani, tukaitegemeza kwa miti ubavuni hadi ukingo wa juu wa ubao wa tezi, yaani ubao bapa wa nyuma ya chombo, ukakaa sawa kwa pima maji.

Kipimo kinachotakiwa ni kutoka ukingo wa juu wa ubao wa tezi, pale mashine inaponing'inia, hadi chini ya chombo, katikati kabisa. Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kulaza tepu kwenye ubao. Ubao wa tezi umeinama, huku mguu wa mashine ukifanya kazi unasimama wima. Tuliweka timazi. Kwa wima ni mm 545. Kwa kufuata mwinamo ni mm 557. Milimita 12 zinaonekana ndogo, lakini kwa boti ya faiba inayokimbia juu ya maji hiyo ni nusu ya nafasi yote unayoruhusiwa kukosea.

Kipimo hicho kinaishia kwenye mbao za chini. Mkuku, ule mti mrefu unaopita katikati chini ya chombo, unashuka mm 70 zaidi. Hapa mafundi walibishana, wengine wakitaka kuhesabu hadi chini ya mkuku. Tuliandika vyote viwili, 545 na 615, na ubishi huo ulikuja kuamuliwa na bahari yenyewe mwezi wa tatu.

Kisha mashine. Unapima kutoka chini ya kulabu ya kibano, sehemu inayokalia mbao, hadi kwenye lile bapa lililolala juu ya propela. Usipime hadi kwenye propela, wala hadi kwenye pezi lililo chini ya propela. Muuzaji alisema mguu ni wa inchi 15, yaani mm 381. Tepu ilisema mm 438. Muuzaji hakudanganya. Inchi 15, 20, 25 na 30 ni majina ya madaraja: mfupi, mrefu, mrefu zaidi, na ule wa maboti makubwa. Mguu wenyewe unaweza kuzidi jina lake kwa inchi mbili. Herufi ya daraja iliyobandikwa kwenye mashine ikuongoze dukani, lakini kabla ya kulipa, pima.

Hesabu: 545 kutoa 438 ni 107. Bapa linakaa mm 107 juu ya mbao za chini, wakati lilitakiwa kuwa sawa nazo au chini yake kidogo. Kwa boti nyepesi inayopanda juu ya maji, bapa liwe sawa na chini ya boti hadi mm 25 chini yake. Mashua nzito haipandi. Kwa urefu wake mbio zake zinakomea karibu km 11.5 kwa saa hata ukiongeza mashine, kwa hiyo bapa likizama mm 50 hakuna kinachopotea, na tezi ikinyanyuliwa na wimbi propela inabaki majini.

18 Januari. Jaribio la mguu mfupi jinsi ulivyo

Tulitaka namba za kuanzia, hivyo tulifunga kipimo cha mizunguko kinachozungushiwa waya wa plagi (35,000) na kutumia simu kwa mwendo. Kila jaribio lilikwenda na kurudi kwenye mstari uleule, tukachukua wastani, ili mkondo wa maji usitudanganye.

Ndani ya ghuba, maji yakiwa tulivu: km 8.0 kwa saa. Nusu ya juu ya propela ilikuwa imejificha nyuma ya ubao wa tezi, inapiga maji yaliyokufa. Upande wa kisiwa cha Ulenge, kaskazi ilipoanza kuamsha mawimbi, propela ilianza kuvuta hewa: mlio unapanda ghafla, mizunguko inaruka hadi 5,900, chombo hakiendi. Mtu mmoja akisogea omo, yaani mbele, hali inazidi.

Hatari kubwa haikuwa mwendo. Tundu za kuvutia maji ya kupoza ziko kwenye mguu, chini ya bapa. Propela ikivuta hewa, tundu nazo huvuta hewa, na mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya mashine ukaanza kukatikakatika. Tuliufuatilia kwa dakika kama ishirini badala ya kuzima papo hapo, na hilo lilikuwa kosa letu. Impela, gurudumu la mpira la pampu ya maji ya kupoza, hulainishwa na maji hayohayo inayoyasukuma. Tulipofungua, mabawa mawili yalikuwa yamepinda na kukauka kama ganda la chungwa lililoanikwa juani, na jingine limekatika. Impela mpya 45,000. Kipande kilichokatika lazima kitafutwe hadi kipatikane. Kikibaki kwenye njia za maji kitaziba, na mashine itachemka hata kwa impela mpya. Chetu kilikuwa kwenye mdomo wa bomba la maji.

25 Januari. Kuishusha mashine kwa fremu ya nje

Wazo: kama mguu haufiki, shusha mashine. Fundi alichomea fremu ya chuma, akaweka ubao wa mninga, tukaifunga nje ya tezi ili mashine ishuke mm 110. Gharama 165,000.

Majini ilifanya kazi. Propela ilishika, mlio ukatulia. Tatizo lilijitokeza maji yalipokupwa. Mashine ikiinuliwa, mguu unakwenda nyuma na juu, kichwa kinakuja mbele. Kwa kuwa kichwa kilikuwa chini ya ukingo wa tezi, kifuniko kiligonga ubao kabla mguu haujafika nusu ya safari. Sahare chombo kinakaa mchangani kila maji yakitoka, na mashine isiyoinuka ni mashine inayobeba mashua. Pezi la chini lilivunjika ncha, kipande cha upana wa vidole viwili.

Kasoro ya pili: wimbi la nyuma lilifika kwenye tundu la hewa la kifuniko. Fremu ingeweza kusogezwa nyuma zaidi ili kichwa kipate nafasi ya kuja mbele, lakini uzito ungekwenda nyuma zaidi na tezi ingezama. Tukaing'oa. Iliuzwa 60,000, hasara 105,000. Kwa chombo kinacholala kwenye kina siku zote hasara hii isingekuwepo. Kwa pwani yetu ya maji kupwa na kujaa, jaribu kuinua mashine hadi mwisho ukiwa bado nchi kavu, kabla ya kutoboa hata tundu moja.

27 Januari. Kukata ubao wa tezi: tulikokotoa, hatukukata

Njia hii imezoeleka, msumeno na nusu saa imekwisha. Tezi ikiwa na mzigo wa kazi imezama mm 230, kwa hiyo juu ya maji zinabaki mm 315. Ukikata mm 110, zinabaki 205. Watu watatu wakirudi nyuma kuvuta wavu, tezi inazama hadi mm 310, na mdomo wa kukata unabaki na mm 125, upana wa kiganja na kidole gumba. Wimbi dogo tu la nyuma linaingia. Dawa yake ni kujenga sanduku la mbao ndani ya tezi linalopokea maji na kuyatoa, lakini linakula nafasi ya nyavu. Hatukuendelea.

13 Februari. Kurefusha mguu: mwanzo mbaya

Tofauti kati ya mguu mfupi na mrefu wa mashine hii ni mm 127, inchi 5 kamili: 438 inakuwa 565. Kwa mashua yetu, 565 kutoa 545 ni 20, yaani bapa mm 20 chini ya mbao. Hicho ndicho kipimo.

Mguu hurefushwa kwa vitu vinne, na vyote lazima viwepo: kipande cha kati kinachoingia kati ya mguu wa juu na sanduku la gia, shafti ndefu ya kusimama, bomba refu la maji, na fimbo ndefu ya gia. Kipande cha kati tulikipata kwenye mashine mbovu pamoja na bolti zake (120,000). Shafti ya mashine hiyo ilikuwa imeliwa na kutu. Karakana moja ikakubali kukata shafti yetu, kuingiza kipande katikati na kuchomelea, na kurefusha fimbo na bomba. 110,000.

20 Februari. Matokeo ya kuchomelea

Saa tatu za mwendo, kisha tulifungua skrubu ya chini ya sanduku la gia. Oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia.

Shafti ilipelekwa kwenye mashine ya kukereza na kuzungushwa polepole chini ya saa ya kupimia mpindo: imepinda mm 0.35 katikati. Kwa jicho huioni. Lakini shafti hii huzunguka sawa na mashine, mara 5,000 kwa dakika, na kila mzunguko huisukuma upande mmoja sili, ile raba inayozuia maji kuingia kwenye gia. Mdomo wa sili ulikuwa umelika upande mmoja, upande wa pili mzima. Joto la kuchomelea ndilo linalopinda chuma, na pia hulainisha chuma kilichokuwa kimekomazwa, kwa hiyo hata ikinyooshwa itakatika baadaye. Nati ya kuungia fimbo ya gia nayo ilianza kulegea.

Hasara: 110,000 za karakana, sili 38,000, oili ya gia 18,000. Na shafti ya asili haikuwepo tena, hata kurudi kwenye mguu mfupi kusingewezekana. Kama huna shafti ndefu ya kiwandani mkononi, usiruhusu mtu akate fupi uliyonayo.

8 Machi. Kuunga mguu kwa vipuri vya asili, na kuimarisha tezi

Shafti, bomba na fimbo, vya kiwandani vilivyotumika, vilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam: 430,000, mzigo 15,000. Gasketi na sili mpya 52,000. Kabla ya kulipa tuliomba picha ya shafti ikiwa sambamba na tepu, na nyingine ya meno ya ncha zote mbili.

Mambo yaliyotuchelewesha wakati wa kuunga:

Grisi ya kuzuia maji hupakwa ubavuni mwa meno ya shafti, si kwenye uso wa ncha ya juu. Tulipaka kote, grisi ikajaa kwenye tundu la juu na kuzuia shafti kuingia mpaka mwisho. Pengo la mm 4 lilibaki kati ya vipande. Usilifunge pengo kama hilo kwa nguvu ya bolti, utapasua. Tulishusha, tukafuta, ikaingia yenyewe.

Bomba la maji lazima liingie kwenye mpira wake juu ya pampu. Likikaa pembeni, kila kitu kitafungika vizuri na mashine itachemka. Weka sabuni kidogo kwenye mpira, mtu mmoja achungulie kwa tochi wakati mwingine anapandisha.

Oili ya gia huingizwa kwa tundu la chini hadi itokee la juu. Ukiijazia juu, hewa inabaki ndani.

Baada ya hapo mashine iliwashwa ndani ya pipa la maji dakika kumi, mchirizi ukitoka bila kukatika, gia ikiingia mbele, katikati na nyuma.

Tezi nayo. Kutoka kibano hadi katikati ya propela, mguu mfupi ulikuwa na kama mm 578, mrefu una 705. Nguvu ileile sasa inaupinda ubao kwa zaidi ya moja ya tano kuliko mwanzo. Ubao wetu ulikuwa wa mm 32. Tuliongeza ndani ubao wa mninga wa mm 18 (70,000), gundi na resini (48,000), bolti nane za stenlesi zenye washa pana (56,000), na magoti mawili ya mbao kuunganisha tezi na ubavu. Fundi siku mbili, 80,000. Skrubu za kibano pekee hazitoshi. Mashine ilifungwa pia kwa bolti mbili zinazopenya ubao, zikiwa sehemu ya hizo nane.

15 Machi. Jaribio la mguu mrefu

Kilomita 10.4 kwa saa kutoka 8.0, mashine ileile. Mchirizi wa maji haukukatika hata mara moja. Lakini kulikuwa na mtetemo mkononi, na mizunguko ilicheza kati ya 5,000 na 5,400 bila kugusa moto, yaani mpini wa kuongeza mafuta. Ukichungulia nyuma, mstari mweupe wa mapovu ulitoka mwisho wa mkuku na kuingia moja kwa moja kwenye propela.

Hapo ndipo zile 545 na 615 ziliporudi. Bapa lilikuwa chini ya mbao kwa mm 20, lakini juu ya chini ya mkuku kwa mm 50. Mkuku una upana wa mm 75 na umeishia butu, kama tofali. Maji hayawezi kujikunja ghafla nyuma yake, huacha uwazi wenye mapovu.

Ili tusikisie, mashine ilisogezwa mm 250 upande wa kulia kwa kibano tu, ikafungwa kamba, na jaribio likarudiwa polepole. Mtetemo ukaisha. Basi kosa ni mkuku, si propela wala shafti. Anayebakiza usukani na kuweka mashine pembeni hatapata tabu hii, ila apime hapohapo pembeni, kwa sababu chini ya chombo hupanda kadiri unavyoacha mkuku. Na chombo kikilalia upande wa pili, mashine hiyo hutoka majini mapema.

3 hadi 5 Aprili. Kuchonga mwisho wa mkuku

Mashua ilipandishwa juu kabisa ya ufuko tarehe 30 Machi kwa maji ya bamvua, siku moja kabla ya Idi. Kazi ikafanyika wakati wa maji mafu, bahari ikiwa haifiki chombo kilipo. Huo ndio mpango unaookoa fedha ya kupandisha mara mbili.

Seremala alichonga kwa tezo milimita 600 za mwisho: kina kutoka mm 70 hadi mm 10 kwenye tezi, na upana kutoka mm 75 hadi 20, pande zote mbili sawa. Kabla ya kuchonga tulitafuta bolti za mkuku kwa kugonga na kwa sumaku. Moja ilitupita. Tezo iligonga chuma mm 410 kutoka mwisho, kichwa cha bolti ya zamani iliyozikwa ndani ya mbao na kufunikwa kwa lakiri. Ilikuwa imebaki nusu ya unene wake kwa kutu. Ikapigwa itoke, ikawekwa ya stenlesi yenye kichwa kilichozama (9,000). Sehemu mpya ilikalafatiwa kwa pamba na kupakwa sifa, mafuta ya samaki ya kupakia vyombo (25,000). Seremala 60,000.

Mashua inayotegemea tanga sana isichongwe zaidi ya hapo. Mkuku wa nyuma ndio unaoizuia kusukumwa pembeni na upepo.

16 Aprili. Jaribio la mwisho

Maji ya bamvua yaliishusha. Kusi imeshaanza na mvua za masika zinapita. Watu wanne, nyavu, barafu kilo 100: km 11.1 kwa saa, mizunguko 5,050 na imetulia. Mstari wa mapovu umebaki mwembamba, unapita juu ya bapa bila kuvunjika. Kwenye mawimbi ya nje propela ilivuta hewa mara mbili kwa saa nzima, zote mbili tezi ikiwa imening'inia nyuma ya wimbi.

Fedha yote iliyotoka ni 1,376,000, na 60,000 zilirudi kwa kuuza fremu. Zilizopotea bure ni 316,000: fremu, kuchomelea na vilivyoharibika navyo, na impela ya kwanza. Kama tepu ingetolewa mfukoni siku ya kununua, mashine ya mguu mrefu ingechaguliwa palepale na sehemu kubwa ya shajara hii isingekuwepo.

17 Mei. Ukaguzi baada ya mwezi wa kazi

Oili ya gia ni safi, haina rangi ya maziwa. Bolti mbili za juu za tezi zilikazwa nusu mzunguko, ubao mpya umekauka na kusinyaa kidogo. Zikazwe tena mwezi ujao.

Tatizo jipya: mguu mrefu unagusa mchanga mapema wakati wa kuingia ufukoni. Waendeshaji wamezoea kuzima mashine kwenye kina cha kiuno, sasa wazime kwenye kina cha kifua, wainue, wamalizie kwa upondo. Pezi lililovunjika limejazwa kwa kuchomelewa aluminiamu. Pini ya kuweka pembe ya mguu imehamishwa tundu moja kuelekea tezi, kwani omo ilikuwa inapanda chombo kikiwa kitupu.

Impela itafunguliwa mwezi wa kumi, kabla kaskazi haijaanza.